Maswali ya wasomaji: Kazi saba, faili hakuna

Barua za mwezi huu kutoka Tanga zinaimba wimbo mmoja. Mtu amepita mashamba, bandari, kiwanda na barabara, na sasa amekaa kitako anataka kujua yote hayo yamebaki wapi. Barua ndefu kuliko zote tumeitanguliza kwa sababu ndiyo yenye pesa ndani.

Swali: Je, nina pensheni au imekula kwangu?

*Wahariri, salaam. Nina miaka 58. Nilianza shamba la mkonge Muheza mwaka 1987, nikaenda bandarini Tanga kupakua matishari (mashua bapa za mizigo) kama kibarua, nikaingia kiwanda cha shirika la umma ambacho siku hizi hakipo. Baadaye utingo wa lori, dereva wa daladala, mlinzi katika kampuni mbili, na tangu 2011 ni dereva wa kampuni ya usafirishaji. Kadi ya NPF ninayo, ya PPF imepotea. Mie nihesabu nini na nini? – Msomaji, Ngamiani*

Namba ya kushika ni 180. Hiyo ni miezi ya michango, sawa na miaka 15, na ndicho kizingiti cha pensheni ya uzeeni. Isomwe vizuri: haihesabiwi miaka uliyotoka jasho, inahesabiwa miezi ambayo mwajiri alikata na kupeleka kwenye mfuko. Kwa hiyo kazi zako saba lazima zipitiwe moja moja, na nyingine zitatoka sifuri.

Shamba la mkonge. Mfuko wa Akiba wa Taifa, yaani NPF, uliundwa mwaka 1964, na sheria ya mwaka 1997 ikaugeuza kuwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kadi yako ya NPF basi ipeleke NSSF. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulichukua akiba yako ulipoacha kazi. Wengi walichukua, wakanunua baiskeli au bati, wakasahau. Fedha ikishatoka, miezi yake imeondoka nayo, usiihesabu tena.

Matishari. Hapa usijidanganye. Kibarua aliyelipwa kwa zamu, hata kama alishika kulabu miaka minne mfululizo, kwa kawaida hakukatwa mchango wowote. Andika sifuri, usonge mbele. Utingo na daladala ni vivyo hivyo: deiwaka, yaani kibarua wa siku, hana mwajiri anayempelekea kitu.

Kiwanda cha shirika la umma. Hapa ndipo watu wengi wa Tanga wanapoacha fedha zao. PPF, mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma, haikufa na kiwanda. Tarehe 1 Agosti 2018 iliunganishwa na mifuko mingine mitatu, PSPF, LAPF na GEPF, ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na kumbukumbu zikahamia huko. Kadi kupotea si mwisho. Nenda na barua ya ajira au hati yoyote ya mshahara, hata moja. Jina la shirika kama lilivyoandikwa kwenye hati hiyo, si kama mtaa ulivyoliita. Na mwaka wa kuingia na kutoka. Kama huna karatasi hata moja, tafuta wenzako wawili wa idara ileile ambao tayari wanalipwa. Namba zao za uanachama zitamsaidia karani kufungua orodha ya mwajiri, na katika orodha hiyo jina lako linatafutwa. Kwa mashirika yaliyofilisiwa, baadhi ya mafaili ya watumishi yaliishia Ofisi ya Msajili wa Hazina, kwa hiyo barua ya kuulizia huko nayo ina maana.

Kampuni za ulinzi. Kagua mambo mawili. Kwanza, je, kila kampuni ilikufungulia namba mpya ya uanachama? Ikiwa ndivyo, michango yako imekaa kwenye vikapu viwili, na lazima uombe namba ziunganishwe. Pili, je, makato yaliyo kwenye hati ya mshahara yanaonekana kwenye taarifa ya michango? Mara nyingi yanaonekana miezi mitano, yanapotea mitatu, yanarudi.

Kazi ya sasa. Tangu 2011 hadi utakapotimiza 60, kazi hii peke yake inatosha kuvuka 180, mradi hakuna mwezi ulioruka. Chukua taarifa ya michango NSSF, kaa nayo mezani pamoja na hati za mshahara, weka alama mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa na haukupelekwa ni deni la mwajiri wako, nalo linadaiwa pamoja na adhabu. Peleka nakala ya hati hizo kwa ofisa wa NSSF angali mwajiri yupo na gari zake zinatembea. Kampuni ikishafunga geti, kudai ni kazi nyingine kabisa.

Halafu majina. Kwenye kadi ya NPF unaweza kuwa Athumani, kwenye kitambulisho cha NIDA ukawa Othman, na jina la babu likawa halipo. Malipo hukwama hapo kuliko mahali pengine popote. Pata hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili inayotaja majina yote mawili kwa herufi zilezile zilizo kwenye hati zako, kisha itumie kwa mifuko yote. Tarehe ya kuzaliwa iangalie mapema pia, kwa sababu ile uliyoandikisha ukiwa kijana wa miaka 20 ndiyo iliyo kwenye faili la zamani, na ikipishana na ya NIDA utatakiwa kueleza.

Sasa hesabu. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, pensheni ya mwaka ni 1/580 ya miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka. Wastani huo hutokana na miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Katika kanuni hiyo ya 2022, asilimia 33 ililipwa kwa mkupuo, yaani mara moja, ikizidishwa kwa 12.5, na asilimia 67 iliyobaki iligawanywa kwa 12 ikawa pensheni ya mwezi; mwaka 2024 ilitangazwa kwamba sehemu ya mkupuo inapandishwa, kwa hiyo uliza mfuko wako asilimia ya sasa. Chukua mtu mwenye miezi 240 na wastani wa shilingi 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000 kwa mwaka. 240 gawa kwa 580, mara 8,400,000, unapata kama 3,475,860. Kwa asilimia 33 ya 2022, mkupuo wake ungekuwa karibu 14,338,000, na kila mwezi angepokea karibu 194,000. Aliyepungukiwa na 180 hulipwa mkupuo tu, hana cha mwezi.

Umri wa hiari ni 55, wa lazima 60. Umefika 58 na mkono wako unakuwasha kuondoka, tunaelewa. Lakini kila mwezi unaobaki kazini unaongeza 1/580 nyingine, na miezi 24 si haba. Ikiwa miezi yako imegawanyika kati ya NSSF na PSSSF, uliza ijumlishwe kabla hujajaza fomu yoyote ya kuchukua mkupuo upande mmoja. Ukishasaini, hakuna cha kujumlisha.

Swali: Namwandikia baba historia ya kazi zake, ila miaka inamchanganya

*Shikamooni. Baba yangu ana miaka 87, tunaishi Pongwe. Amekata mkonge, amefanya korona, amekuwa gengi la reli, amelinda, amelima. Wajukuu wanataka maandishi. Nikimuuliza mwaka anakasirika. Nifanyeje? – Binti wa Pongwe*

Marahaba, binti. Anza kwa kuacha kumuuliza mwaka. Mtu wa miaka 87 hakumbuki namba, anakumbuka kilichotangulia na kilichofuata. Tengeneza karatasi yenye matukio yenye tarehe isiyobishaniwa, umuulize kazi ilikuwa kabla au baada yake. Kwa mtu wa Tanga haya yanatosha: Uhuru, Desemba 1961, njia ya reli ya Ruvu hadi Mnyusi iliyounganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, 1963, Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, 1967, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1977, Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, msako wa wahujumu uchumi, 1983, Mwalimu kuachia urais, 1985, mvua za El Nino, 1997 na 1998. Ongeza za nyumbani kwenu: mtoto gani alikuwa mgongoni, nani alikuwa bado hai. Ukipata "baada ya 1963, kabla hajazaliwa kaka yako", umepata mwaka bila ugomvi.

Pili, muulize chombo kabla ya kazi. "Siku ya kwanza walikupa nini mkononi?" hufungua mdomo kuliko "ulifanya kazi gani?". Halafu nani alimwonyesha, saa ngapi walianza, walilipwa kwa kipimo gani, nini kiliumiza, aliachaje. Dakika 40 kwa siku zinatosha. Simu iweke mezani karibu naye, ikiwa imezimwa mtandao ili isiite katikati, na kila sauti uipe jina la tarehe na kazi. Sauti zilizoitwa "rekodi 1" hadi "rekodi 30" hakuna atakayezifungua tena.

Ili ufuate anachosema kuhusu mkonge, jifunze kwanza kazi yenyewe. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Tanga imekula na kuvaa kutokana na hiyo 62 kwa vizazi. Mmea hukatwa kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili hadi mitatu. Mkataji hukata majani ya chini, akaacha kama 20 juu, maana akizidisha mmea unadumaa na jani la mkato ujao linakuwa fupi. Ncha yenye mwiba hukatwa, majani 30 hufungwa tita moja, na matita hupangwa kando ya mstari yakahesabiwa na mnyapara. Mmea ukishatoa mlingoti, yaani shina refu la maua, umemaliza kazi yake. Mlingoti huja kati ya mwaka wa 7 na wa 10 hivi.

Kutoka hapo jani huwahishwa korona, mashine ya kupondea. Likilala muda mrefu linakauka, utomvu unaganda, na singa, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka na madoa yasiyosafika hata kwa maji mengi. Ndani ya korona jani hulazwa kwa upande, minyororo au kamba hulishika katikati, ngoma ya kwanza yenye vyuma inaponda nusu moja, kisha hushikwa upande ulioshasafishwa na ngoma ya pili inamaliza nusu ya pili. Ukisikia baba anasema "singa zilitoka na nyama", ujue ngoma ilikaa mbali mno na bamba lake. Zikitoka zimekatika, ilikaa karibu mno. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4. Nyingine zote ni maji na maganda, ndiyo maana harufu ya korona husikika kabla ya kuiona, na maji yake huwasha ngozi. Singa huoshwa, huanikwa kwenye nyaya juani, hupigwa brashi, huchambuliwa kwa madaraja, kisha hushindiliwa robota la kilo 250.

Kuna mtego mmoja katika hesabu zake, na ndiyo sababu tumeingia kwa urefu. Wazee wa zamani hupima kazi kwa vipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mtu alilipwa kadi ikijaa. Siku aliyougua au kwenda mazikoni haikutiwa alama. Akikwambia alimaliza vipande 8 shambani, hizo ni siku 240 za kazi. Si lazima ziwe miezi 8. Huenda ziliingia mwaka mzima. Andika "vipande 8" kama alivyosema, usizigeuze miezi ukaharibu ushahidi.

Kwa upande wa reli, mwombe akueleze mataruma, yale yanayobeba reli, yalivyobadilishwa: nani alishika mtaimbo, nani sururu, kokoto zilishindiliwaje, na treni ilipita saa ngapi. Upana kati ya chuma na chuma cha reli ni mita 1. Gengi, yaani kikosi cha kutengeneza njia, walikuwa na kipimio chao, na mzee aliyekishika hasahau. Akisema leo alikuwa Korogwe na kesho akasema Mombo, usimsahihishe. Andika zote mbili, weka tarehe ya siku aliyosema. Inawezekana sana alikuwa kote kuwili.

Mwisho andika kazi kwa mpangilio wa wakati kwenye daftari moja, ukurasa mmoja kwa kila kazi, na uache ukurasa mtupu pale penye pengo. Pengo hilo mara nyingi ndilo lenye habari: kulima, kuugua, kutafuta, au kazi asiyopenda kuitaja. Msomee akiwa ametulia, na habari asiyoitaka iondoe.

Swali: Mwajiri ananinyima barua

*Nimefanya kazi miaka 6 na miezi 8 kwenye ghala, nimepunguzwa. Nimeomba barua ya kuonyesha nilikuwa pale, naambiwa "njoo kesho". – Kijana wa Chumbageni*

Barua unayoomba, yaani cheti cha utumishi, si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri akupe cheti hicho pale ajira inapokoma. Omba kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Papo hapo omba kiinua mgongo, kwa kuwa ni yeye aliyesitisha ajira: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Wewe una miaka 6 kamili, kwa hiyo siku 42. Ile miezi 8 haihesabiki. Ukiwa unafanya kazi siku 6 kwa wiki na mshahara wako wa msingi ni 260,000, siku moja ni kama 10,000, na jumla 420,000. Ukiona "kesho" zinazidi, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama unapinga kupunguzwa kwenyewe una siku 30. Kwa madai mengine siku 60. Hizo "kesho" zinakula siku zako, na huyo anayekwambia huenda analijua hilo.

Swali: Nimefanya kila kitu, cheti sina

*Nina miaka 39, naishi Makorora. Nimekuwa dada wa kazi, nimeshona kwa fundi, nimepika shule ya bweni, nimekaanga na kuuza samaki. Hoteli moja imeniambia nilete cheti cha upishi. Nianze chuo sasa? – Mama Sharifa*

Hapana, dada, usianze mwanzo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na chuo chao kipo hapo Tanga mjini. Unaomba, wanakuhoji kuhusu ulichokwisha fanya, wanakupima kwa vitendo, palipo na upungufu wanakupa mafunzo mafupi, kisha unapata cheti. Kosa la waombaji wengi ni kupeleka ujuzi wote. Chagua upishi tu. Kushona kuache nyumbani.

Kinachokupitisha ni undani. Ukiandika "nilipika shuleni" hujasema kitu. Andika: wanafunzi 120, mchele kilo 15, maharage kilo 7, masufuria mawili makubwa, kuni, maharage yalianza kuchemka saa 12 asubuhi, chakula kikatoka saa 7 mchana, watu wawili jikoni. Hapo mpimaji ameona unajua kugawa gramu 125 za mchele kwa kila mtoto na kupanga moto. Samaki nao uwaeleze hivyohivyo: unamjuaje aliyelala, unamparuaje, mafuta unayabadilisha lini, na waliobaki jioni unawahifadhije. Usafi ndio unaowaangusha wapishi wa mtaani kwenye kupimwa, si ladha: ubao mmoja wa kukatia samaki mbichi na kachumbari, kitambaa kimoja cha mikono na sahani, kucha. Zoeza mkono kabla ya siku hiyo. Beba barua ya serikali ya mtaa na ya shule, na picha ukiwa jikoni kama zipo.

Swali: Deiwaka wa miaka 44

*Naendesha Hiace ya watu kwa siku, Tanga na Muheza. Nimechelewa kujiwekea NSSF? – Dereva*

Hujachelewa, lakini nafasi ni finyu. Kutoka 44 hadi 60 ni miezi 192, na kizingiti ni 180, kwa hiyo una miezi 12 tu ya kukosa katika miaka 16. NSSF huwapokea waliojiajiri, na unaweza kuchangia kwa siku, wiki, mwezi au msimu. Kwa kazi yako tunaona kwa siku ndiyo salama, ukituma kwa simu jioni baada ya kupeleka hesabu kwa tajiri na kabla ya kufika nyumbani. Siku ya gari kuwa gereji hutatuma, basi siku ya gulio tuma mara mbili. Kila miezi mitatu chukua taarifa ya michango uone imeandikwa kwa jina lako, herufi kwa herufi kama ilivyo NIDA.